Sindano ya Kuoshea Mzizi wa Jino: Ilikotoka na Kwa Nini Tundu Lake Liko Ubavuni

  

Leo tunazungumza juu ya sindano. Najua neno hilo peke yake linatosha kumfanya mtoto ajifiche nyuma ya kochi. Lakini sindano ya leo si ya chanjo, wala si ile ya ganzi. Hii haikusudiwi kumdunga mtu hata kidogo. Kazi yake ni kuosha ndani ya mzizi wa jino, pale daktari anapojaribu kuliokoa jino ambalo zamani lingeng'olewa.

Nimeichagua kwa sababu ya shida inayowapata akina mama wengi. Mtoto wa miaka minane au tisa ameanguka akicheza na jino la mbele limevunjika, au gego lake la kwanza la utu uzima limetoboka hadi ndani. Daktari anasema jino litibiwe mzizi, matibabu ambayo wengi mjini huyaita ruti kanali. Ukifika nyumbani jirani anakuambia, "Wachana na hayo mambo, ling'olewe tu. Kuna mtu alitibiwa mzizi akarudi uso umefura, jicho halifunguki." Jirani huyo hasemi uongo. Jambo hilo hutokea, ingawa si mara nyingi. Lakini lina sababu yake, sababu hiyo inajulikana, na chombo cha kupunguza hatari yake kimekwisha kutengenezwa. Tufuatane katika historia yake.

Kwanza tulijue jino lenyewe. Ndani ya jino kuna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Hiyo tutaiita kiini cha jino. Kiini hupita ndani ya mzizi kwa njia nyembamba mpaka kwenye ncha, ambako kuna kitundu kinachounganisha jino na taya. Kwa mtu mzima kitundu hicho mara nyingi hakifiki hata nusu milimita. Jino likioza hadi ndani, vijidudu huingia, kiini hufa na kuoza, na ule uozo hupenya kwenye ncha ya mzizi na kuingia kwenye mfupa. Hapo ndipo jipu huanza. Kutibu mzizi ni kuondoa kiini kilichokufa, kuisafisha ile njia nyembamba, kisha kuiziba ili kitu kisiingie tena.

Kwa karne nyingi watu wa mataifa mengi waliamini kwamba jino hutobolewa na mnyoo. Hata sisi bado tunasema jino limeliwa na wadudu, na wapo wanaofukiza moshi mdomoni wakingoja mdudu adondoke. Mfaransa Pierre Fauchard, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1728, aliikataa habari ya mnyoo huyo. Yeye aliyafungua meno yenye jipu ili usaha upate njia ya kutokea, na huo ulikuwa mwanzo wa kufikiri kwamba jino bovu laweza kubaki kinywani.

Waliomfuata walikuwa wajasiri kuliko tunavyoweza kuvumilia leo. Mwaka 1836 Shearjashub Spooner wa Marekani alipendekeza arseniki iwekwe kwenye jino ili kuua kiini kinachouma. Ndiyo mama, ile sumu yenyewe. Mwaka 1838 Mmarekani mwingine, Edward Maynard, alichukua springi ya saa akaichonga ikawa chuma chembamba cha kukwangulia ndani ya mzizi. Mwaka 1864 Sanford Barnum wa New York alianza kutandaza kipande chembamba cha mpira kuzunguka jino linalotibiwa ili mate yasiingie. Ukumbuke mpira huo, maana tutarudi kwake.

Tatizo ni kwamba kukwangua peke yake hakutoshi. Mzizi wa jino haufanani na mrija ulionyooka. Una kona, una mifuko, una vijitawi visivyofikiwa na chuma chochote. Yeyote aliyewahi kusafisha kibuyu cha maziwa anaelewa. Kijiti hufika mahali fulani, lakini utando ulioko kwenye kona huhitaji maji ya kusukasuka. Kwa hiyo madaktari walitafuta maji yao. Mwaka 1894 John Callahan, huko Marekani, alieleza jinsi ya kutumia asidi ya salfa ndani ya mizizi. Ilifungua njia, lakini ilikuwa asidi.

Na maji hayo yangefikaje mle ndani? Hapa ndipo sindano inapoingia. Sindano yenye tundu ilikuwa imekwisha kutumika kwa kazi nyingine kabisa. Mwaka 1844 Francis Rynd wa Dublin alitumia chuma chenye tundu kuingiza dawa chini ya ngozi ya mgonjwa. Mwaka 1853 Alexander Wood wa Edinburgh na Charles Pravaz wa Lyon, kila mmoja kivyake, walitumia sindano iliyounganishwa na bomba. Sindano hiyo ilikuwa na ncha kali iliyokatwa mshazari, na tundu lake lilikuwa mbele kabisa, kwa sababu ilitengenezwa iingize dawa mwilini. Madaktari wa meno waliiazima hivyo hivyo ilivyo. Wakawa wanafanya kazi ambayo sharti lake kubwa ni dawa isiingie mwilini, kwa chombo kilichobuniwa iingie.

Kwa muda hilo halikuonekana, maana dawa zenyewe zilikuwa dhaifu au zilitiwa kwa matone. Tena matibabu ya mizizi karibu yafe kabisa. Mwaka 1910 daktari wa Uingereza, William Hunter, alihutubia madaktari huko Montreal, Kanada, akalaumu meno yaliyozibwa juu ya uchafu kwamba yanaeneza magonjwa mwilini mwote. Alikuwa na hoja, kwa sababu kazi nyingi ya wakati ule ilikuwa chafu kweli. Lakini kilichofuata kilizidi hoja yake. Kwa miaka mingi madaktari walikimbilia koleo, wakang'oa hata meno ambayo yangepona. Ile hofu ya jirani yako ina babu yake.

Dawa iliyobadilisha mambo ilitoka vitani. Tangu mwisho wa karne ya 18 Wafaransa walikuwa na maji ya klorini ya kung'arishia vitambaa, yaliyoitwa kwa jina la kijiji cha Javel karibu na Paris. Wewe unayajua kwa jina lingine: ni ukoo mmoja na jiki unayotumia kwa nguo nyeupe. Mwaka 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, mkemia Mwingereza Henry Dakin na daktari wa upasuaji Mfaransa Alexis Carrel waliyazimua hadi nusu ya asilimia moja, wakayatumia kuosha vidonda vya askari kule Ufaransa. Waliyapitisha kwa mirija ya mpira hadi ndani ya jeraha, tena na tena mchana na usiku. Vidonda ambavyo vingeoza vikapona.

Mwaka 1936 Mmarekani Alfred Walker alipendekeza dawa ya ukoo huo, lakini kali zaidi, itumike ndani ya mizizi ya meno. Katika miaka ya 1940 Louis Grossman wa Philadelphia aliieneza katika mafundisho yake. Hadi leo ndiyo dawa ya kuosha mizizi inayotumika zaidi duniani, na nguvu yake huanzia nusu asilimia mpaka zaidi ya asilimia tano. Sifa yake ni kwamba huua vijidudu na pia huyeyusha nyama iliyokufa. Ubaya wake ni kwamba haichagui. Ikiguswa na nyama iliyo hai, huiunguza vilevile.

Sasa weka mambo hayo mawili pamoja: dawa inayounguza nyama, na sindano iliyotengenezwa kusukuma dawa mbele. Daktari akiingiza sindano mpaka ikabane kwenye mzizi, hakuna nafasi pembeni ya maji kurudi juu. Akisukuma bomba kwa nguvu, maji hutafuta njia pekee iliyobaki, yaani kile kitundu kwenye ncha. Yanatoka upande wa pili na kuingia kwenye taya na shavu. Mwaka 1974 madaktari watatu wa Marekani walichapisha taarifa ya ajali ya namna hiyo, na taarifa nyingine nyingi zikafuata katika majarida ya nchi mbalimbali. Zinafanana mno. Mgonjwa hupata maumivu makali ghafla, hata kama alishapigwa ganzi. Shavu au mdomo huvimba ndani ya dakika chache. Damu hutoka kwenye jino, na baadaye weusi kama wa kupigwa ngumi hutokea shavuni au chini ya jicho. Wengine husikia ladha ya jiki kooni.

Mwaka 2008 ulichapishwa uchunguzi uliowauliza madaktari bingwa wa mizizi ya meno huko Marekani kama ajali hiyo iliwahi kuwapata. Walijibu 314, na 132 kati yao walisema ndiyo. Usitishike na hesabu hiyo. Hao ni watu wanaotibu mizizi kila siku kwa miaka mingi, na ajali moja katika maisha ya kazi ni kidogo. Lakini inatuonyesha kwamba hata bingwa hutokewa, na kwa hiyo chombo alichoshika kina maana. Meno ya juu ndiyo yaliyotajwa zaidi, na haishangazi, kwa sababu mfupa wa juu ni mwembamba kuliko wa chini.

Je, si rahisi tu kuiweka sindano mbali na ncha ya mzizi? Wengi walifanya hivyo, na hapo ndipo utata ulipo. Mwaka 1983 mtafiti T. W. Chow alionyesha kwamba maji ya sindano hayaendi mbali sana mbele ya pale yanapotokea. Sindano nene inayoishia katikati ya mzizi huosha nusu ya juu tu. Uozo wa chini hubaki palepale, jino huzibwa, na baada ya miezi jipu hurudi. Ili kuosha vizuri lazima sindano iwe nyembamba na ifike karibu na ncha. Lakini ikifika karibu na ncha na tundu lake likiwa mbele, ndiyo hatari yenyewe. Ukiogopa sana, jino halisafiki. Ukijasiri sana, unaunguza shavu.

Jibu lilikuwa kuhamisha tundu. Tayari mwaka 1976 Melvin Goldman na wenzake wa Marekani walikuwa wameandika juu ya sindano iliyozibwa ncha na kutobolewa ubavuni. Baadaye zikaja sindano za kuuzwa zenye ncha butu ya mviringo, na tundu moja au mawili pembeni. Maji hayapigi tena moja kwa moja kwenye kitundu cha ncha. Hupiga ukuta wa mzizi, huzunguka, kisha hurudi juu yakiwa yamebeba uchafu. Mwaka 2010 Christos Boutsioukis na wenzake walitumia kompyuta kuhesabu mwendo wa maji ndani ya mzizi kwa aina mbalimbali za sindano. Waliona kwamba sindano za tundu la mbele hufikisha maji mbali zaidi, lakini huleta shinikizo kubwa zaidi kwenye ncha ya mzizi. Zile zilizozibwa ncha hupunguza shinikizo hilo, ila maji yake hayafiki mbali mbele yake, kwa hiyo lazima zisogezwe karibu, kiasi cha milimita moja kabla ya mwisho. Kila moja ina bei yake, lakini kwangu mimi kati ya kosa la kulazimika kuosha tena na kosa la kuunguza shavu la mtoto, najua ni lipi ningechagua.

Unene wa sindano nao una hadithi yake. Hupimwa kwa geji, na geji hushangaza watu kwa sababu namba ikipanda sindano inapungua. Kipimo hiki kilitokana na viwanda vya waya vya Uingereza, na kinahusishwa na Peter Stubs, mtengeneza tupa wa mji wa Warrington. Waya ulivutwa kupitia matundu madogo zaidi na zaidi, na kadiri ulivyovutwa mara nyingi ndivyo ulivyokuwa mwembamba. Sindano ya geji 21 ina unene wa milimita 0.8, ile ya 27 ni karibu milimita 0.4, na ya geji 30 ni milimita 0.3. Kwa kuosha mizizi, 27 na 30 ndizo zinazotajwa zaidi. Siku hizi zipo hata za plastiki laini zinazojipinda kufuata kona ya mzizi.

Sasa turudi kwa mtoto wako, maana kwake jambo hili ni zito kuliko kwako. Jino la utu uzima linapochomoza, mzizi wake haujakamilika; huchukua kama miaka mitatu zaidi kufunga. Mtoto wa miaka minane aliyevunja jino la mbele ana mzizi ambao mwisho wake uko wazi kama mdomo wa tarumbeta. Kile kitundu kidogo cha kuzuia maji hakipo. Ndiyo maana chama cha Marekani cha wataalamu wa mizizi ya meno, katika mwongozo wake wa kutibu meno machanga ya namna hii kwa njia ya kuotesha upya tishu za ndani, kinataka dawa iliyozimuliwa hadi asilimia 1.5, sindano iliyozibwa ncha yenye matundu ya pembeni, na maji yapitishwe polepole, mililita 20 kwa dakika 5, sindano ikiwa milimita moja hivi kabla ya mwisho wa mzizi. Angalia walivyotaja hata umbo la sindano. Hawakuacha kila mtu aamue kivyake.

Meno ya utoto nayo yasidharauliwe kwa kuwa yataanguka. Mizizi yake huyeyuka taratibu kadiri jino jipya linavyosukuma kutoka chini, kwa hiyo nayo huwa na njia wazi, na chini yake limelala jino la utu uzima ambalo halipaswi kuguswa na dawa kali. Daktari mwangalifu hutumia maji ya chumvi ya hospitali au dawa iliyozimuliwa sana. Na jipu la jino la utoto si jambo la juzi hapa kwetu. Mifupa ya yule kijana wa Turkana iliyopatikana Nariokotome mwaka 1984, yenye umri wa takriban miaka milioni 1.5, ina alama za ugonjwa kwenye taya, pale gego lake la utoto lilipokuwa.

Basi ukifika kliniki ufanye nini? Usiende kumfundisha daktari kazi. Lakini kuuliza si utovu wa adabu. Mwambie, "Samahani daktari, mzizi wa mwanangu utauosha kwa dawa gani, na sindano yako ina tundu mbele au pembeni?" Daktari anayejua kazi yake hatakasirika, wengi hufurahi na kukuonyesha. Kama hana ya tundu la pembeni, usikimbie. Sindano nyembamba ya tundu la mbele ikiwekwa mbali kidogo na ncha, isibane, na isukumwe taratibu, imetibu watu wengi salama. Madaktari wengi hufundishwa kusukuma bomba kwa kidole cha shahada badala ya dole gumba, kwa sababu dole gumba lina nguvu nyingi mno. Unachopaswa kukikataa ni sindano nene ya dawa inayopenyezwa kwa nguvu, na sindano iliyokwisha kutumiwa kwa mgonjwa mwingine. Kliniki ya watoto umezoea kumwona muuguzi akifungua sindano mpya mbele yako. Hata hapa iwe hivyo.

Uliza pia kama amepiga picha ya eksirei kujua urefu wa mzizi, na kama ataweka ule mpira wa Barnum. Mpira huo huzuia mate, lakini pia huzuia dawa isimwagikie kooni na sindano ndogo isimezwe. Tena bomba la dawa hii liandikwe jina, kwa sababu haina rangi, inafanana na ganzi na maji ya chumvi, na zimeripotiwa ajali za kuchanganya. Sindano yenyewe iwe ya kuzungushwa na kukaza kwenye bomba. Zile za kuchomeka tu huweza kuchomoka na kurusha dawa machoni.

Mwambie mtoto kabla ya kuanza kwamba akisikia uchungu wa ghafla ainue mkono, na mwombe daktari akubali ishara hiyo. Uchungu mkali na uvimbe vikitokea papo hapo, daktari husimamisha kazi, huosha kwa maji ya chumvi, humpa dawa ya maumivu na kupanga kumwona tena kesho yake. Nyumbani mkande shavu kwa kitambaa baridi siku ya kwanza, na kuanzia siku ya pili kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Uvimbe mwingi huisha katika siku chache, na weusi katika wiki chache. Lakini akishindwa kumeza, akipumua kwa shida, uvimbe ukizidi kupanda jichoni au kushuka shingoni, au homa ikianza, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali usiku huohuo, na uwaambie jina la dawa iliyotumika kwenye jino.

Wiki ijayo tutazungumzia jino la utoto linalokataa kung'oka wakati jipya limeshachomoza nyuma yake. Kwaheri kwa sasa.